Bega la Kushoto la Rosendo Brito

Siku mbili kabla ya Krismasi hakuna mtu mwema ndani ya supamaketi yoyote ya Santo Domingo. Watu wanakanyagana kwa ajili ya zabibu na matofaa, wanawake wenye rola kichwani wanasukumana kwa vikapu, na anayeupata mguu wa nguruwe anaukumbatia asije akanyang'anywa. Katika foleni ya nyama alisimama Rosendo Brito, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, miwani myeusi usoni, akidhani hatambuliwi. Alijidanganya. Jitu la urefu ule, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto, nani asingelijua? Tena jana yake tu mrushaji wetu huyu wa besiboli alikuwa ameingia uwanjani tukiwa tunaongoza kwa mbili, akatoka tumeshafungwa.

Niseme mapema ili nisilaumiwe: mimi ni shabiki wa timu ya Mwewe tangu tumboni mwa mama yangu. Rangi yangu ni kijani. Kumsimulia mtu huyu bila kusaga meno ni kazi ngumu, lakini nitajitahidi.

Mguu wa mwisho ulikuwa mikononi mwake aliposikia sauti nyuma yake.

"Kaka, hiyo nyama irudishe."

"Nimewahi kuishika mimi, dada."

"Ndiyo tabu yenyewe. Wewe kitu cha mwisho ukikishika kinaharibika."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Rosendo akageuka na ngumi imekunjwa nusu, akakutana na mwanamke mfupi aliyevaa gauni jeupe lililombana kiunoni, midomo myekundu, rola kubwa za pinki zimefichwa nusu kwa kitambaa cha hariri. Sauti aliijua kabla ya sura. Ilikuwa ya Yudelka Matos, mtangazaji wa redio inayorusha mechi za Mwewe, yule aliyemwita hewani jana yake "zimamoto anayekuja na petroli".

"Kumbe ni wewe," alisema. "Waliniambia u mzuri redioni tu."

"Nami waliniambia wewe u mzuri mazoezini tu."

"Unajua kurusha mpira, dada?"

"Sijui. Wewe je?"

"Jamani, oaneni basi tupite!" alifoka bibi mmoja aliyekuwa nyuma yao na kitoroli cha mikate. "Miguu inaniuma!"

Yudelka akacheka mwenyewe, bila kutaka. Rosendo akavua miwani. Akamwambia mchinjaji aukate mguu vipande viwili, akampa yeye kile kikubwa. Yudelka akamwandikia namba ya simu kwenye karatasi ya kufungia nyama.

"Usifikiri nimekupenda," alisema. "Kuna mengine ya jana sikuyasema hewani kwa sababu watoto wanasikiliza. Nipigie nikumalizie."

Alipiga usiku uleule, na kesho yake, na keshokutwa.

"Umekula?" aliuliza siku ya tatu.

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula. Nyama ilikuwa na chumvi nyingi."

"Ni mkono wako. Nyama haikuwa na kosa."

"Yude, hivi wewe kinywani umeweka nini?"

"Njoo ujionee, mwoga wewe."

Akaenda.

Kazi ya mrushaji wa akiba, anayeingizwa mwishoni kuokoa mechi, haina shukrani. Mwenzake anayeanza mechi anapigiwa makofi na kuimbiwa. Yeye anakaa saa tatu nzima nyuma ya ukuta wa uwanja, katika banda tunaloliita zizi, anatafuna mbegu za alizeti akiisubiri simu ya ukutani ilie. Ikilia, ujue wenzake wameshavuruga. Akisafisha, mtu hakumbuki. Akikosea mpira mmoja, jina la mama yake linatajwa jiji zima. Rosendo aliishi hivyo miaka kumi na miwili. Sasa alikuwa na thelathini na minne, na Wamarekani walimwachisha Julai. Mlango mmoja tu ulibaki: Mjapani mwenye kofia nyeupe, aliyekaa kila mechi nyuma ya mdakaji na kifaa cha kupimia kasi, akitafuta mrushaji wa akiba wa kwenda naye kwao. Asipompata huyo, Rosendo angerudi kwao Baní kuuza maembe ya mjomba wake.

Na mwanamke aliyempenda alizaliwa kwenye nyumba ya Nyuki, mahasimu wetu.

Kwetu hilo si jambo dogo. Timu mbili, uwanja mmoja, na kuna ndugu wasiozikana kwa sababu ya kijani na manjano. Baba yake Yudelka, Don Fabio Matos, alikuwa mdakaji wa Nyuki miaka kumi na sita. Kaka yake, Wilkin, ndiye mpigaji wao mkubwa. Yudelka alipochukua kazi ya redio ya Mwewe, nyumbani walimwita msaliti, na kazini walimwita jasusi. Miaka sita alitangaza kwa haki, bila kupendelea wala kuonea, na bado kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kumsengenya.

Alimpeleka Rosendo nyumbani Villa Juana Jumapili asubuhi, watu wametoka misa. Meza ya domino ilikuwa imeshawekwa uani. Don Fabio alikuwa na fulana ya manjano iliyochakaa, vidole vimepinda kwa mipira aliyoidaka.

"Huyu ndiye?" alimuuliza binti yake, kana kwamba mgeni hakuwepo.

"Ndiye, baba."

"Kaa," akamwambia Rosendo. "Mgeni hafukuzwi. Lakini usinizoee."

"Sikuzoei, Don Fabio."

"Wala usinipendeze."

Rosendo akakaa. Wakacheza mpaka saa sita mchana bila maneno mengi, vipande vikipigwa mezani kwa nguvu. Doña Ercilia, mama wa nyumba, akawaletea kahawa. Rosendo aliona amekubaliwa, akarudi Jumapili ya pili na ya tatu. Kila alipokuwa na kipande kizuri alikificha vizuri, au ndivyo alivyodhani.

Uwanjani nako akageuka mtu mwingine. Mechi kumi na moja mfululizo hakufungwa hata mara moja. Mimi mwenyewe nilisimama nikamwimbia, Mungu anisamehe. Siri yake ilikuwa mipira miwili: wa kasi, na wa pole unaotoka mkononi kwa kishindo kilekile lakini unachelewa kufika, mpigaji anaupiga upepo. Mjapani aliandika na kuandika.

Wiki ya kwanza ya fainali, wakiwa wamesimama kwenye kibanda cha juisi, Yudelka, glasi ya papai na maziwa mkononi, akamshika Rosendo mkono.

"Rosi, nikuambie kitu cha kazi?"

"Usiniambie."

"Bega lako la kushoto. Kila ukitaka kurusha ule wa pole, lina..."

Akamziba mdomo kwa kiganja. Mrushaji anayeshinda haguswi. Hubadilishi soksi zake, hubadilishi chakula chake, na mwendo wa mwili wake hutaji hata kwa utani. Atakayeutaja ameuvunja. Hilo kwetu hata mtoto wa chekechea analijua.

"Bega langu liache, Yude."

"Linapanda, mpenzi wangu. Nimelitazama mechi nne. Ukitaka kumdanganya mtu linapanda."

"Nimesema liache! Mechi kumi na moja! Unataka kuniua?"

Yudelka akaweka glasi chini. "Haya. Siku likikuua, usije ukanililia."

Lilimuua Alhamisi. Mechi ya tano, zamu ya tisa na ya mwisho, tunaongoza kwa moja, wakimbiaji wao wawili wako njiani, simu ya zizi ikalia, Rosendo akaingia. Mpigaji alikuwa Wilkin. Mpira wa kasi, Wilkin hakutikisika. Wa kasi tena, hakutikisika. Ukaja wa pole, na Wilkin alikuwa anausubiri tangu nyumbani kwao. Alioutuma ulivuka ukuta na taa zake, tukawa tumefungwa. Rosendo alipogeuka kuutazama upande wa Nyuki, aliwaona wanacheka wakijigusa mabega. Mabega ya kushoto.

Mtu mmoja tu duniani alikuwa amelitaja bega lile.

Ijumaa saa sita mchana, kipindi cha Yudelka kikiwa hewani na jiji zima linasikiliza kwa hasira, simu iliingia.

"Karibu, nani mwenzangu?"

"Rosendo Brito."

"Karibu, Brito. Wasikilizaji wana maswali."

"Mimi ndiye nina swali. Waulize mabosi wako kwa nini wanamlipa mtoto wa Nyuki atutangaze sisi. Muulizeni huyo dada amemwambia nini kaka yake kuhusu mimi. Kitu alichokijua yeye peke yake! Amekichukua kitandani kwangu, akakipeleka mezani kwao!"

Kwa miaka sita hatukuwahi kumsikia Yudelka akikosa neno. Siku ile tulisikia feni ya studio ikizunguka. Halafu wakaweka muziki.

Jioni Yudelka alimpigia.

"Brito. Nakuuliza mara moja. Uliniona nikisema?"

"Ulisema siku likiniua nisikulilie."

"Nilikuambia wewe! Nilikuambia wewe ukaniziba mdomo!"

"Na Wilkin nani alimwambia? Upepo?"

"Wamenisimamisha. Jumapili saa nane mchana wanakutana kunifukuza. Miaka sita, Rosendo. Miaka sita nimetembea juu ya mayai, umeyavunja yote kwa dakika moja, na hukuniuliza hata 'Yude, ni kweli?'"

"Nisingepata jibu la kweli."

"Basi uoe bega lako," akasema, akakata.

Nyuki wakashinda Alhamisi, Mwewe tukashinda Ijumaa usiku bila yeye kuingia, ikawa tatu kwa tatu. Mechi ya saba, ya kumaliza ubishi, ilipangwa Jumapili saa kumi jioni. Jumamosi mchana Rosendo alikuwa amelala chali chumbani kwake, simu ikalia. Namba asiyoijua.

"Mwanangu, ni Ercilia. Naongea kwa sauti ya chini, niko bafuni, Fabio yuko uani."

"Shikamoo, Doña Ercilia."

"Marahaba. Sikiliza. Binti yangu hakumwambia mtu. Aliyekusoma ni Fabio. Mezani. Jumapili tatu zile unacheza domino, kila ukiwa na kipande cha kuficha bega lako la kushoto linapanda. Alicheka mpaka akakohoa ulipoondoka. Akamwambia Wilkin, akampa mazoezi ya kulitazama."

Rosendo akaketi.

"Don Fabio anajua binti yake anafukuzwa?"

"Anajua. Anasema kazi atapata nyingine, ubingwa una siku moja. Akisema ukweli leo utarekebisha bega. Nimelala na mtu huyu miaka thelathini na nane na leo simpi chakula." Akavuta pumzi. "Wewe je, utasema?"

 Hapo hapo, kwenye kichwa chake cha mrushaji, Rosendo alikwisha kuliona jingine. Don Fabio hakujua kwamba yeye anajua. Wilkin atakuja kesho akilitazama bega. Ukilipandisha kwa makusudi ukarusha wa kasi, Wilkin atasubiri wa pole, atabaki na gongo lake la kupigia begani, na Mjapani ataona kwa macho yake. Mtego kama ule mrushaji anaupata mara moja katika maisha yake. Lakini unafaa tu usipotajwa. Na mkutano ulikuwa saa nane, mechi saa kumi.

"Mwanangu? Uko?"

"Nipo, mama."

"Basi uamuzi ni wako. Mimi yangu nimeyasema." Akakata.

Nasikia hakulala. Jumapili saa sita mchana nilikuwa mezani nyumbani, redio imewashwa, kuna kijana mwingine wa kiume anatangaza kwa sauti ya puani, nikasikia: "Tuna simu. Nani mwenzangu?"

"Rosendo Brito. Nina jambo, usinikatize. Ijumaa nilimsingizia Yudelka Matos. Hakumwambia mtu chochote. Alichokijua aliniambia mimi, nami sikutaka kusikia. Kila nikirusha mpira wa pole bega langu la kushoto linapanda. Don Fabio alilisoma kwenye meza ya domino, kwa macho yake mwenyewe, nami nilikwenda kwa miguu yangu. Mkimfukuza Yudelka mtakuwa mmemfukuza kwa uongo wangu. Ni hayo."

Nilitupa uma. Simu za studio zilipasuka kwa matusi. "Mbwa wewe, umetuuza!" "Mechi ya saba, mpumbavu, mechi ya saba!" "Kwa ajili ya mwanamke!" Mimi nilipiga mara tisa, laini haikushika. Huko Villa Juana, nasikia, Don Fabio alizima redio, na Doña Ercilia akampakulia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Saa nane mabosi walimrudishia Yudelka kazi yake. Saa kumi Yudelka alikuwa kwenye kiti chake, gauni la kijani, nywele zimelainishwa zikafika mabegani, macho yamevimba kidogo. Rosendo alimpigia mara mbili kutoka kwenye zizi. Hakupokea.

Zamu ya tisa, tunaongoza nne kwa tatu. Wapigaji wao wawili wametolewa, bado mmoja mechi iishe, na mkimbiaji mmoja yuko njiani. Warushaji wetu wote walikuwa wamekwisha, na anayekuja kupiga ni Wilkin. Kocha alishika simu kama anashika jiwe la moto. Rosendo alipotoka zizini, watu wake wenyewe walimzomea. Alipofika kwenye kichuguu cha kurushia, nusu nzima ya uwanja yenye manjano ilisimama na kupandisha bega la kushoto. Maelfu ya mabega, wazee kwa watoto, yalipanda na kushuka pamoja. Sijawahi kuona chuki iliyopangwa vizuri vile.

Wa kasi: Wilkin akaukosa. Wa kasi tena: akaugusa ukaenda pembeni. Mdakaji akaomba wa pole. Rosendo alilikaza bega lake kwa nguvu zote, na kweli, halikupanda. Lakini mpira wa mtu anayewaza bega hauendi anakoutaka. Ukaja katikati, usawa wa kiuno, mtamu. Wilkin akaupiga.

Jirani yangu alikuwa na redio sikioni. Tulimsikia Yudelka akisema, sauti haitetemeki: "Umekwenda. Tano kwa nne. Nyuki ndio mabingwa." Halafu akaongeza: "Brito alirusha alichoombwa. Amepigwa, basi." Hakutukana. Kwa mtu anayemjua, hilo lilitisha kuliko tusi. Mjapani alifunga daftari lake, akainama kidogo kwa adabu kuelekea kichuguuni, akaondoka. Kadi hakumwachia mtu.

Kwenye maegesho ya wachezaji tulikuwa kama mia tatu. Sisi Mwewe, si Nyuki. Nyuki walikuwa wanacheza ngoma barabarani. Tulilizunguka gari lake la zamani, tukalimwagia barafu ya vinywaji, tukalipigapiga. Nilikuwepo, sikatai. Rosendo alikaa ndani, mikono juu ya usukani, hasogei mbele wala nyuma.

Mara mlango wa abiria ukafunguliwa. Yudelka akapanda, viatu mkononi, akaubamiza.

"Umekuja kufanya nini, Yude?"

"Nyamaza."

"Rosendo!" nilipiga kelele mimi, nimeshika boneti. "Rudi kwenu ukauze maembe, takataka wewe!"

Yudelka akashusha kioo mpaka chini, akatoa kichwa na mkono wenye kiatu.

"Wewe mwenye tumbo! Ndiyo, wewe! Mpira wa mwisho uliorusha ulikuwa lini? Unashindwa kuinama kufunga kamba ya kiatu, unamfundisha nani kazi? Mkeo anajua uko hapa, au naye amekushinda kama ngazi za uwanja? Ondoa mikono kwenye gari!"

Watu wakanicheka. Kioo hakupandisha, ndiyo maana yaliyofuata niliyasikia vizuri.

"Kwa hiyo umenisamehe?" Rosendo aliuliza.

"Nani kasema? Nina maneno yako hayaishi mpaka Pasaka. Nitakutukana asubuhi, nitakutukana jioni. Lakini haki hiyo ni yangu mimi. Hawa nani kawapa?"

Jitu lile likaanza kulia, machozi kabisa, mbele ya watu mia tatu waliokuwa wanaitaka damu yake.

"Sina kazi, Yude. Mjapani ameondoka."

"Nimemwona."

"Nilikuwa na mtego. Jana. Ningemmaliza kaka yako."

"Najua. Mama kaniambia ulijua tangu jana, mengine nimejihesabia mwenyewe. Washa gari."

"Twende wapi?"

"Villa Juana. Unakwenda kuniposa."

"Leo? Don Fabio atanichinja!"

"Leo baba ni bingwa, mjinga wewe," Yudelka alisema, akifuta uso wa Rosendo kwa upindo wa gauni lake la kijani, kwa nguvu, kama anayefuta meza. "Leo amelewa, anawakumbatia hata askari wa trafiki. Miaka yote ya maisha yake ni leo tu hawezi kumkataa mtu, tena wewe ndiye uliyempa ubingwa huo. Kesho akiamka atakumbuka wewe ni nani. Washa gari!"

Rosendo akawasha. Nikaondoa mikono yangu kwenye boneti, wakapita.